Lancaster Iliyookolewa na Kamera

Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, ndege za mabomu zilibaki bila kazi, na nyingi zikakatwakatwa na kuyeyushwa kama vyuma chakavu. Miongoni mwa ndege hizo, Lancaster zilitengenezwa 7,377. Leo zinazoweza kuruka ni mbili tu, moja Kanada na nyingine Uingereza. Hii ya Uingereza, yenye namba PA474, huruka kwenye maadhimisho kwa heshima ya vijana waliokufa wakiishambulia Ujerumani. Heshima hiyo wanaistahili kabisa, lakini ndege yenyewe haikudondosha bomu hata moja vitani. Ilitoka kiwandani katikati ya mwaka 1945, ikapangiwa kwenda kupigana na Japani, na vita vikaisha kabla haijaondoka. Kilichoinusuru miaka ile ya mwanzo ni kibarua ilichopewa Afrika, cha kupiga picha za kuchorea ramani, na kibarua hicho kinawahusu watu wa Migori na Homa Bay, nchini Kenya, kuliko inavyosemwa.

Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine, kwa kuwa kupima nchi nzima kwa miguu, kilima hadi kilima, kungemaliza miongo. Kikosi cha 82 cha jeshi la anga kikapewa Lancaster zilizovuliwa bunduki na kufungwa kamera, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zilizopigwa picha, na PA474 ikatumika Afrika Mashariki na Kusini kuanzia 1948 hadi 1952. Sifa zilizoifanya ndege hiyo itishe ndizo zilizofaa hapa: ilibeba mafuta ya saa nyingi na ilitulia kwenye mstari ulionyooka. Katika kazi hii rubani hufuata mstari mmoja, hugeuza, kisha hurudi kwa mstari ulio sambamba nao. Kila picha huipanda iliyotangulia kwa takriban asilimia 60, ili kila kipande cha ardhi kionekane kutoka pembe mbili. Mchoraji akizitazama mbili kwa pamoja kupitia chombo cha lenzi mbili, vilima kama vya Gwassi na Gembe huinuka mbele ya macho yake na kimo chao hupimika. Ukubwa nao ni wa hesabu ya kawaida: lenzi ya inchi 6 ikiwa futi 15,000 juu ya ardhi hutoa picha ya 1:30,000, yaani mita 30 za ardhini huwa milimita moja kwenye karatasi. Picha za angani za namna hii ndizo zilizozaa ramani za 1:50,000 za Kenya, na Nyanza Kusini, yaani Migori na Homa Bay za leo, imo.

Mtu anaweza kupinga kwamba kazi peke yake haiokoi ndege, na hoja yake ina uzito. Baltimore, ndege ya mabomu iliyotengenezwa Marekani na kutumiwa zaidi na Waingereza, nayo ilibaki Kenya baada ya vita ikipiga picha za ramani na kupambana na nzige hadi 1948. Zilitengenezwa 1,575, na leo hakuna hata moja iliyo kamili duniani. Nadhani jibu liko kwenye vipuri na wenyewe. Injini za Merlin za Lancaster zilikuwa pia kwenye Spitfire na ndege nyingine, kwa hiyo ujuzi na vipuri havikukatika. Baltimore haikuwa na taifa la kujivunia: Wamarekani waliitengeneza kwa ajili ya wengine, na Waingereza waliiona kama kifaa cha kununua. Kazi, basi, huahirisha tu siku ya kukatwa. Lakini bila kuahirishwa huko, hisia za baadaye zisingekuta kitu cha kuokoa. PA474 ilipotoka Afrika ilipelekwa kwenye majaribio, ikabebeshwa bawa la utafiti likiwa limesimama wima mgongoni, hadi 1964. Matengenezo ya kuirudishia sura ya vita yalianza baada ya hapo, na kibanda cha bunduki cha mgongoni kilipatikana Argentina. Mwaka 1973 ikaingia kwenye kikosi cha kumbukumbu cha jeshi la anga, na majira ya baridi ya 1995 kuelekea 1996 ikawekewa boriti mpya ya mabawa. Rangi na herufi inazopakwa ni za vikosi vya vita. Ukiitazama ikipita, hutaona dalili yoyote ya miaka yake ya Afrika, na hilo naliona ni kosa la kihistoria linaloweza kurekebishwa kwa maneno machache kwenye maelezo yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ramani zile zilikuwa chombo cha mkoloni, za kugawia ardhi, kutozea kodi na kutawalia. Ni kweli, na sioni haja ya kulainisha hilo. Ila picha haichagui cha kunasa. Mkoloni alitaka barabara na mito. Kamera ikachukua na visivyotakiwa. Nyanza Kusini ina mabaki ya maboma ya mawe zaidi ya 500, na Thimlich Ohinga, lililo Migori, liliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake zina unene wa wastani wa mita moja, kwa hiyo kwa kipimo cha 1:30,000 ukuta wenyewe ni uzi mwembamba mno. Boma la upana wa mita 120, hata hivyo, ni duara la milimita nne, na vichaka vinavyoota ndani na kando ya mawe hulionyesha wazi kwa mwenye kioo cha kukuza. Kwa mtafiti anayetaka kujua maboma mangapi yamebomolewa na mawe yake kuchukuliwa kujengea, picha za miaka ile ni ushahidi ambao masimulizi peke yake hayawezi kuutoa. Ndivyo ilivyo kwa vichaka vya Bonde la Lambwe, ambako sasa kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kabla ya kunyunyiziwa dawa ya mbung'o kwa ndege mwaka 1981, na kwa mashamba ya Awendo kabla ya kiwanda cha sukari cha Sony.

Picha nyingi za idara ile ya upimaji zimehifadhiwa Edinburgh, ambako mwalimu wa Ndhiwa au afisa wa ardhi wa Rongo hazifikii kwa urahisi. Nakala za kidijitali hazihitaji hangari, mafundi wala boriti mpya. Serikali za kaunti za Migori na Homa Bay zinaweza kuziomba kwa pamoja, zikisaidiwa na Makavazi ya Taifa ya Kenya, na kuanza na karatasi zinazoonyesha eneo la Thimlich Ohinga.