Nusu Milimita

Ziweke kotapini mbili, pini zinazofunga krenki za pedeli kwenye ekseli, kiganjani mwa mtu asiye fundi, ataziona ni kitu kimoja: vyuma vifupi vya mviringo, ubavu mmoja umechongwa mteremko, ncha ina nyuzi za nati. Kumbe moja ina unene wa milimita 9.5, kipimo cha baiskeli za mtindo wa Kiingereza, na ya pili ni milimita 9, kipimo cha Wafaransa na Waitaliano. Fundi wa baiskeli mwenye kopo la vipuri vilivyotoka kila upande hukutana na pacha hizi mara kwa mara, na namna anavyozitenganisha ndiyo inayonifanya nimheshimu.

Ile nene si tatizo. Tundu dogo huikataa na mambo yanaishia hapo. Ya kuogopwa ni nyembamba, kwa sababu huingia kwenye tundu kubwa bila ubishi, nati inakazwa, krenki inazunguka, mteja analipa na kuondoka. Safari ikianza ndipo krenki inapocheza kidogo kila mguu unapokanyaga, na kila mchezo unakula ekseli pale iliposawazishwa. Mwisho wake huwezi tena kuokoa chochote kwa kotapini mpya. Ekseli yenyewe imekwisha.

Na huku Mwakiro, upande wa Muyinga, pedeli hazikanyagwi kwa matembezi. Baiskeli hubeba mikungu ya ndizi, makaa, madumu, na abiria juu yake. Kwenye barabara kuu za Burundi wapo hata wanaoshika nyuma ya malori ili wavutwe mlimani, jambo la hatari sana. Asiye na lori husimama juu ya pedeli kwa uzito wote wa mwili, na uzito huo unapita kwenye vile vyuma viwili.

Kwa hiyo fundi mzuri haanzi na nyundo. Anaisukuma kotapini kwa kidole kwenye tundu na kuitikisa. Ikitikisika, anairudisha koponi bila maneno. Ikikaa sawa, anaigonga kidogo tu, anaitoa, anaugeuza ubavu wake kwenye mwanga. Palipong'aa ndipo panapogusa ekseli. Paking'aa mahali pamoja tu, upande wa juu au wa chini, mteremko haulingani, na hapo tupa inaingia kazini. Inakata ikienda mbele, ikirudi inanyanyuliwa. Mkono unasafiri ubavu mzima kwa mkao mmoja, maana ukiyumba kidogo uso unakuwa wa duara na kazi imeharibika. Kisha anaijaribu tena, anaangalia tena, anapiga tupa mara chache, anaijaribu tena. Mteja mwenye haraka huona huu ni uzembe. Mimi naona hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo: hakuna kipimo kingine ila ule mng'ao, na kila baiskeli ina wake.

Kotapini ya pili lazima iliwe na tupa kiasi kile kile. Tena zinaingizwa kwa kupishana: krenki zikilala usawa wa ardhi, nati moja inatazama juu na nyingine chini. Ukizipanga upande mmoja, au ukakata moja zaidi ya mwenzake, krenki hazikai kwenye mstari mmoja, na mwendeshaji atahisi mguu mmoja unachelewa kila mzunguko.

Nyundo inakuja mwisho, nayo ina adabu yake. Chini ya krenki panawekwa bomba nene au kipande cha chuma kizito kilichosimama ardhini, ili pigo liishie humo. Bila hicho pigo hupita hadi kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye vikombe vyake. Nati haivuti kotapini. Kazi hiyo ni ya nyundo, nati inashikilia tu. Anayeitegemea nati peke yake huzikata nyuzi. Hata baada ya hapo fundi humwambia mwenye baiskeli, "Kaka, beba mzigo wako kwanza, kisha upite hapa nikaze tena," kwa kuwa chuma hukaa sawasawa baada ya kubebeshwa.

Jicho lile lile hufanya kazi kwenye gololi. Za habu ya nyuma ni robo inchi, yaani milimita 6.35, kwa kawaida 9 kila upande. Za mbele ni ndogo, milimita 4.76. Hakuna anayechanganya hizo. Hatari iko kwa gololi ya milimita 6 iliyoingia katikati ya zile za robo inchi, au mpya iliyochanganywa na zilizolika: kubwa hubeba mzigo peke yake, ndogo zinazunguka bure, na koni inachimbika upesi. Fundi wa kweli huzimwaga zote kwenye kisahani, huzifuta grisi, huziviringisha moja moja kati ya vidole. Akikuta nane nzuri na moja iliyochoka, hairudishi ile moja wala haongezi mpya moja. Anabadilisha zote tisa, na kama hana tisa, baiskeli inasubiri mpaka mtu aende Muyinga mjini kununua.