Jini Anayeongea Lugha Yako

Tuanze na neno lenyewe. Mwaka 2009 kampuni ya Kijapani ya Capcom ilitoa Resident Evil 5, gemu ya kutisha inayochezwa katika eneo la kubuni liitwalo Kijuju, na maadui wake ikawaita Majini. Siyo zombi, siyo mashetani. Majini. Gemu yenyewe inaeleza kwamba hilo ni neno la Kiswahili, maana yake pepo wabaya. Mmoja ni Majini, wawili ni Majini, kundi zima Majini. Ngeli zetu hazikupata viza ya kuingia Kijuju. Na kwa sisi wa pwani neno lina maana mbili, kwa hiyo mtu anaweza kudhani ameambiwa adui yuko ndani ya maji.

Jina la mahali nalo limeungwaungwa vivyo hivyo. Juju ni neno la Afrika Magharibi, ki- ni kiambishi chetu, ukivibandika pamoja unapata kitu kinachosikika Kiafrika kwa mtu asiyejali ni Afrika ipi. Gemu inaiweka Kijuju Afrika Magharibi, halafu wenyeji wake wanaongea Kiswahili. Toka hapa Maramba mpaka huko utakuwa umevuka bara zima, na mama lishe wa huko ukimwagiza chai ya rangi kwa Kiswahili atakutazama tu.

Haya ya ramani tunaweza kuyacheka tukaendelea. Kinachonirudisha kwenye gemu hii miaka yote hii ni kile inachomfanyia mchezaji anayejua Kiswahili. Kinamfanyia jambo ambalo watengenezaji hawakulikusudia, na ambalo kwa maoni yangu ndilo jambo pekee la kutisha kweli ndani yake.

Kwa ambao hawajaicheza: wewe ni Chris Redfield, askari wa Kimarekani wa kikosi cha kupambana na silaha za kibaiolojia, na uko na mwenzako Sheva Alomar, ambaye yeye ni wa bara hili. Dakika za mwanzo unatembea tu. Jua kali, nzi, watu wamesimama kwenye milango ya mabati wanakutazama. Mahali fulani wanaume wanapiga kitu kilichomo ndani ya gunia, wakikuona wanaacha, wanakuangalia. Unapita. Ukigeuka nyuma, mtaa mzima ni mtupu. Hakuna risasi hata moja, na hapo moyo unakwenda mbio kuliko saa zote zinazofuata. Baadaye anasimama mtu mwenye kipaza sauti, anauhutubia umati, mnyongaji mwenye shoka kubwa anafanya kazi yake, na kuanzia hapo ni kufyatua tu mpaka mwisho.

Nasema tu kwa sababu ni kweli. Gemu ya kunusurika inaishi kwa upungufu. Risasi nne, mlango mmoja, hujui nyuma ya mlango kuna nini. Resident Evil 5 inakupa risasi za kumwaga na mwenza wa kukufunika mgongo, kisha inakutaka uogope. Hata tiba zake zinachekesha: unapona kwa mitishamba ya kijani, na ukikosa mitishamba unakula mayai. Mitishamba na mayai! Mganga yeyote wa huku angeuliza mbona wamesahau ubani.

Sasa turudi kwenye lugha. Ujanja wa kumfanya adui aongee lugha ya watu halisi haukuanzia kwetu. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 ilipelekwa kijiji cha Hispania, na wanakijiji wake wakaongea Kihispania chenye lafudhi ya Meksiko, jambo lililowafurahisha Wahispania kama sisi tulivyofurahishwa na Kijuju. Hesabu ni rahisi: lugha usiyoielewa inatisha. Ukisikia watu wanaambizana jambo nyuma ya ukuta na hujui ni nini, unashika bunduki vizuri. Kwa mchezaji wa Tokyo au Chicago, Kiswahili cha Kijuju kinafanya kazi ya ngurumo au mlio wa fisi. Ni sauti ya porini.

Lakini niliiona ikichezwa kwenye kibanda cha gemu Tanga mjini, siku ambayo mwenye kibanda alikuwa ameichoka mipira. (Vibanda vyetu vinaishi kwa mpira: mechi moja, hela yake, shuka mwingine apande. Gemu ya kutisha au ya safari ndefu inakula siku nzima, mteja anataka kuhifadhi alipofikia na kesho anadai mtu kamfutia. Ndiyo maana kizazi changu kinawajua washambuliaji wa Ulaya kwa majina matatu na hakijui Silent Hill ni nini.) Basi Majini walipoanza kupiga kelele, vijana waliosimama nyuma walianza kuwajibu. Kwa kweli waliwajibu. Mmoja alimwambia jini apunguze jazba, mwingine akamuuliza kwao wapi kwa lafudhi ile. Kibanda kilicheka. Kisha aliyeshika pedi akampiga risasi ya kichwa yule aliyekuwa anajibiwa, na kicheko kikakatika kidogo. Sisemi vijana walitafakari ukoloni. Nasema kulikuwa na nusu sekunde ya ukimya ambayo sijawahi kuiona mtu akiua zombi anayeguna tu.

Nusu sekunde ile ndiyo ninayoizungumzia. Mwandishi Mmarekani N'Gai Croal, wakati huo akiwa Newsweek, aliisema trela ya gemu hii mwaka 2008, kabla haijatoka: picha za Mzungu mwenye bunduki katikati ya umati wa watu weusi zina historia, na waliozitengeneza walionekana hawaijui. Alikuwa sahihi, na gemu ilipotoka iliongeza Wandipaya, watu wa kinamasini wenye mikuki, vinyago na sketi za majani, kana kwamba kuna mtu aliomba ushahidi zaidi. Mjadala ule wote, hata hivyo, ulikuwa wa macho: nani anaonekana, rangi gani, kavaa nini. Kwa msikilizaji wa Kiswahili tatizo linaingia kwa sikio. Gemu imekupa kitufe cha kufyatua, cha kukimbia, cha kuchoma kisu, cha kumwita Sheva. Haina kitufe cha kuitika. Unaelewa mtu anasema, na huna namna ya kumwambia kwamba umemsikia.

Hadithi ya namna hii tunayo, na ilitungwa na mtu wa hapahapa. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji wa Tanga mwaka 1909, alichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952, na shuleni tulisomeshwa kama kitabu cha maadili, jambo ambalo limekidhulumu. Kisome usiku, peke yako, ukiwa mtu mzima. Gavana anayeheshimiwa ana manyani wawili nyumbani. Kila usiku anawachapa viboko, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Mjumbe wa mfalme anachungulia anaona. Wale manyani ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa ubaya waliomtendea, na amri ya jini ni kwamba asipowachapa yeye mwenyewe ataadhibiwa. Mnyama aliye mbele yako ni ndugu yako, kiboko kiko mkononi mwako, na kesho usiku utarudia. Mnisamehe walimu wangu, hii ni hadithi ya kutisha. Ina hata kile ambacho wachezaji wa gemu wanakiita mzunguko: kitendo kilekile, kila usiku, mpaka kikubadilishe.

Tofauti ni kwamba Shaaban Robert anajua hofu iko wapi. Haiko kwenye meno ya nyani, iko kwenye mkono wa Adili. Capcom walikuwa na nyenzo ileile mkononi, kiumbe aliyegeuzwa ambaye jana alikuwa jirani wa mtu na bado anasema lugha ya jirani, wakaitupa.

Na majini wa kweli wa pwani, kama mtu anataka kuwatumia, hawauawi. Hili mtoto yeyote wa Mkinga analijua, awe anaamini au haamini. Jini akimpanda mtu, familia haitafuti bunduki, inatafuta mganga. Ubani unafukizwa, ngoma inapigwa, na jini anaulizwa: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini kwa mwele wetu. Kuna ruhani anayesema Kiarabu, kuna pepo wa Kimasai, kuna kibuki wa kutoka Bukini. Mwele anaweza kutoa maneno ambayo hakuna aliyemfundisha, na pale kilingeni lazima awepo mtu wa kuyafasiri. Shughuli yote inasimama juu ya lugha. Ukikosea kumjua anayeongea, umekosea tiba. Mwisho yanakuja makubaliano, kitambaa cha rangi fulani, chano, kafara fulani, na mara nyingi jini haondoki kabisa. Anakubali kukaa kwa adabu.

Mtu aliyewahi kucheza gemu za kuvaa uhusika akisoma aya hiyo ataona mfumo mzima uko tayari. Mazungumzo yenye njia panda, vitu vya kukusanya, siri ya jina, matokeo yanayotegemea ulichosikia. Wala si ndoto ya mtu wa fasihi tu. Undertale ya Toby Fox, mwaka 2015, ilithibitisha kwamba unaweza kujenga gemu nzima ambayo kila zimwi linaweza kuachwa hai ukijua la kumwambia, na ukiua, gemu inakumbuka. Silent Hill 2 ilishaonyesha mwaka 2001 kwamba zimwi la kutisha zaidi ni lile lililotoka ndani ya mchezaji: mume amepata barua ya mke wake aliyekufa, anaingia mji wenye ukungu kumtafuta. Kwa sisi tunaoishi chini ya Usambara, ambako asubuhi nyingine ukungu unashuka mpaka huoni mchungwa wa jirani, ukungu ule hauhitaji maelezo.

Aliyekaribia zaidi hadi sasa ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wachezaji wengi wanaijua sauti yake kama Bayek wa Assassin's Creed Origins. Studio yake ya Surgent ilitoa Tales of Kenzera: ZAU Aprili 2024, na unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili. Salim alifiwa na baba yake, na gemu ni maombolezo yake. Kijana Zuberi amefiwa. Baba amemwachia kitabu. Ndani ya kitabu yumo Zau, mganga kijana anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: nikuletee roho tatu kubwa, unirudishie Baba.

Ona hapo. Mapatano! Na lugha, safari hii, ni ya anayelia na si ya anayepigwa risasi. Kusikia neno baba kwenye gemu kubwa, likisemwa kwa uzito wake, kwangu lilikuwa jambo ambalo wimbo wa Baba Yetu wa Christopher Tin, pamoja na Grammy yake ya 2011 na uzuri wake wote, haukunifanyia. Ule ni Kiswahili cha kwaya, kinapendeza hata usipokielewa. Zau anaongea ili aeleweke. Nayo pia inachanganya mambo ya bara zima, Impundulu wa kusini, Kikiyaon wa magharibi, lakini anayechanganya anajua amechukua nini na wapi, ndiyo maana haikeri kama Kijuju inavyokera.

Ila siwezi kuipa zaidi ya ilichofanya. Maneno mazito yote ya ZAU yanakuja yenyewe, wewe umekaa unatazama. Ukirudishiwa pedi, kazi yako ni kuruka na kupiga. Mapatano ni ya Zau na Kalunga, vidole vyako havikuhusishwa. Kuna mbuyu wa kukaa chini yake na kutafakari, na nilipoufikia mara ya kwanza nilitulia nikisubiri, kwa sababu huku kwetu mbuyu mkubwa namna ile hauketiwi bila hodi. Hakutokea mtu.

Na wenzetu wa karibu? Nairobi X ya Kenya, mwaka 2015, iliweka mtaa wetu kwenye skrini na hilo lilistahili makofi, kisha ikatupa viumbe wa angani na bunduki. Naelewa sababu. Kufyatua ni rahisi kutengeneza kuliko kusikiliza. Risasi inahitaji hesabu ya umbali. Mazungumzo yanahitaji waandishi, na waandishi wanaojua kwamba jini la Pemba halisemi kama pepo la bara. Tunao watu hao. Wengine wanatunga riwaya ambazo hazipati mchapishaji, wengine wanaandika hadithi za vipande-vipande za WhatsApp ambazo dada zangu wanazisoma hadi saa nane za usiku, taa imezimwa, wakiogopa kwenda chooni. Studio ya kwanza itakayomlipa mmoja wa hao kabla haijamlipa mchora bunduki, nitakuwa mteja wake, na yule mwenye kibanda wa Tanga nitamkodi kwa siku nzima.