Sauti ya Moyo Ofisini: Uhakiki wa "Cherry Magic!" ya Yuu Toyota

Manga za "mapenzi ya wavulana", yaani hadithi za picha za Kijapani zisimuliazo mapenzi baina ya wanaume, zilichipuka miaka ya 1970 katika majarida ya wasichana, kwa kalamu za wanawake kama Moto Hagio na Keiko Takemiya. Hao walipenda mandhari ya shule za bweni za Ulaya. Yuu Toyota, katika "Cherry Magic!" iliyoanza kutolewa mwaka 2018, ameyapeleka mapenzi hayo ofisini. Twauliza: je, ofisi hiyo ni mahali pa kazi kweli, au ni pazia tu?

Adachi, mfanyakazi mnyonge, anatimiza miaka 30 akiwa bikira, na papo hapo anapata uwezo wa kusikia mawazo ya yeyote amgusaye. (Tusimwite mchawi: mchawi wa Kiswahili hudhuru watu, na huyu hamdhuru mtu.) Ndani ya lifti iliyojaa anamgusa Kurosawa, muuzaji hodari asifiwaye na wote, na anagundua kuwa ndiye apendwaye.

Ubora wa kazi hii umo katika fani. Ofisini lugha huvishwa sare. Wawili hawa waliajiriwa mwaka mmoja, na bado huitana kwa majina ya ukoo. Kinywa cha Kurosawa hutoa adabu na habari za kazi, huku moyo wake ukipayuka kama mtoto. Mgongano wa sajili hizo mbili katika ukurasa mmoja ndio chanzo cha kicheko, na cha huruma pia.

Lakini msikilizaji ni mmoja tu. Hadithi nyingi za aina hii zimelaumiwa kwa kumwonyesha mwenye nguvu akimlazimisha mnyonge. Kurosawa hamlazimishi mtu, na hilo ni la kusifiwa. Hata hivyo yeye mwenyewe amenyang'anywa siri yake bila ridhaa. Toyota analijua hilo, maana Adachi huona haya. Ila haya hiyo hufunikwa upesi mno na utamu.

Kasoro nyingine ni ukamilifu wa Kurosawa. Twamwamini pale tu anapokumbuka usiku aliolewa katika karamu ya wateja, amechoka kusifiwa uso badala ya kazi yake, na Adachi akamhudumia. Hapo mapenzi yanazaliwa na kazi yenyewe, si na uchawi.

Vivyo hivyo Adachi anapopewa uhamisho wa Nagasaki, kisa kilichojengewa filamu ya mwaka 2022. Kampuni yaweza kuwatenganisha kwa barua moja, na sheria ya Japani haitambui ndoa ya watu wa jinsia moja. Kusikia mawazo hakusaidii kitu mbele ya barua hiyo. Yawapasa kusema kwa kinywa. Kurasa hizo ndizo tungependa ziwe nyingi zaidi.