Kutu Chini ya Rangi

Mkono wa yule askari ulianguka wenyewe, hakuna aliyeugusa. Askari ni wa plastiki, kimo chake nusu ya kidole cha shahada, na mkono wake wa kulia ulishikwa begani kwa sumaku mbili ili aweze kubadilishiwa silaha: leo panga, kesho bunduki. Nilipouokota niliona ndani ya tundu lake kiduara chembamba kinachong'aa, bado kimeganda kwenye gundi. Gundi haikuwa imeachia hata kidogo. Kilichobanduka ni ngozi ya sumaku. Sumaku yenyewe ilibaki imenata kwa mwenzake wa begani, huku ubavu wake ukimomonyoka unga wa kijivu.

Askari huyo nilimuunda mimi. Nilimpeleka kwa mzee mmoja hapa Nottingham, Uingereza, mji yaliko makao makuu ya Games Workshop, kampuni inayotengeneza Warhammer, mchezo wa vita wa mezani. Si ajabu hapa kumkuta mtu mzima amekaa jioni nzima akilipaka rangi jeshi la mezani. Mzee alikigeuza kile kiduara kwa ncha ya sindano, akaniuliza nilizibia tundu kwa kitu gani. Nikamwambia: gundi nyeupe ya maseremala, nikaichanganya na mchanga kidogo. Akatikisa kichwa. Gundi ile hukauka kwa kutoa maji yake, na mimi nilikuwa nimeyafungia maji hayo ndani, juu nikapaka rangi.

Sumaku za kazi hii, nyingi zikiwa na upana wa milimita 3 na unene wa milimita 1, ni mchanganyiko wa neodimiamu, chuma na boroni. Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa Marekani walizigundua mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila mmoja kivyake. Nguvu zake zinapita umbo lake kwa mbali sana. Lakini karibu thuluthi mbili ya uzito wake ni chuma, na neodimiamu yenyewe huliwa na unyevu upesi kuliko chuma. Tena huundwa kwa unga ulioshindiliwa na kuchomwa kwa moto mkali, na kati ya punje na punje hubaki utando wenye neodimiamu nyingi. Utando huo ndio unaotangulia kuliwa. Punje zenyewe bado nzima, lakini hakuna kinachozishika tena, kama ukuta wa mawe ulionyeshewa hadi chokaa yake ikaisha.

Ndiyo maana huvikwa nikeli, kisha shaba nyekundu, kisha nikeli tena, na tabaka zote tatu kwa pamoja ni nyembamba kuliko unywele. Koti hilo likiwa zima, sumaku hukaa miaka. Likichubuka mahali padogo tu, mambo hugeuka. Aliyekulia pwani, kwenye upepo wa chumvi, anajua kwamba bati la zinki lililokwaruzwa halishiki kutu papo hapo, kwa sababu zinki hujitoa mhanga na kuliwa kwanza. Nikeli haina moyo huo. Yenyewe hubaki ikimetameta, na nguvu yote ya kutu huelekea kwenye kile kijeraha na kuchimba kwenda chini. Kutu ikivimba huinua ngozi, na mkono huanguka.

Mzee alinionyesha namna yake, na sijapata kuona subira ya aina hiyo juu ya kitu kidogo hivyo. Sumaku mpya hazikai zimerundikana mezani, maana zikirukiana na kugongana hubanjuka kingo, nazo ni dhaifu kama kigae. Kila moja aliitenga na mwenzake kwa kuitelezesha kando kwa ukucha wa kidole gumba. Hakuishika kwa vidole vitupu, kwani jasho lina chumvi. Aliinasa kwenye ncha ya kijiti kilichofungwa sumaku nyingine. Upande wa juu aliuwekea nukta ya wino mweusi, ili mkono usije ukasukumwa badala ya kuvutwa. Kisha akaiinua kwenye taa, akavaa miwani ya kukuzia, akaizungusha polepole ukingo mzima. Katika sumaku kumi alizozikagua mbele yangu, mbili aliziweka kando. Mimi sikuona kasoro yoyote mpaka aliponielekeza: doa jeusi, dogo kuliko nukta ya kalamu.

Tundu alilichimba kwa kekee ya mkono, akianza na ncha ya milimita 1, kisha 2, kisha 3. Hakulazimisha, kwa sababu sumaku inayosukumwa kwa nguvu huchubuliwa na ukuta wa tundu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mikwaruzo mingi ya sumaku zangu niliitia mwenyewe kwa haraka. Alidondosha tone moja la gundi ya epoksi, isiyo na maji, akaishusha sumaku ndani, akaifunika uso kwa utando mwembamba wa epoksi hiyo hiyo, akaliacha hadi kesho yake. Rangi hakuigusa siku hiyo.

Mchanga wa kupamba kikanyagio cha askari, mzee huuosha mara tatu kwa maji baridi na kuukausha juani kabla ya kuutumia, hata ule wa mtoni. Wa baharini hautumii kabisa, kwa sababu ya chumvi yake.

Chini ya kila askari huandika kwa penseli mwaka aliotia sumaku. Wa zamani kuliko wote rafuni kwake ameandikwa 2006. Niliutoa mkono wake, nikaurudisha. Ulinasa kabla sijaufikisha begani.