Jina Kama Hoja: Tathmini ya Gazeti la Mumenyereri

Uhakiki wetu umezoea kuwaachia wanahistoria magazeti. Makala haya yanashikilia kwamba gazeti nalo lina nafsineni, na kwamba nafsineni hiyo hujitambulisha kwanza katika jina.

Mwaka 1928 Kikuyu Central Association ilianza kutoa Mwigwithania, yaani mpatanishi. Mwaka 1945 Henry Muoria, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alianzisha Mumenyereri mjini Nairobi. Likatoka kila mwezi, baadaye kila wiki. Maana yake ni mlinzi. Badiliko hili si dogo: mpatanishi huwakabili watu wake waliogawanyika, ilhali mlinzi humkabili adui aliye nje ya boma.

Hata hivyo, boma hili lina mipaka. Jina kamili lataja mambo mema ya Ugikuyu. Msomaji wa Githongo, ambaye Kimeru chake ni jirani wa Kigikuyu, angeweza kuifuata hoja, lakini asingejikuta miongoni mwa wanaolindwa. Sauti ya Mwafrika, gazeti la KAU, lilimjumuisha tangu jina lake. Je, Muoria alikosea? La. Lugha ya mama ndiyo iliyompa makali. Ndiyo pia iliyombana.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Muoria alikuwa London. Gazeti lilipigwa marufuku. Mwenyewe akawa gadi wa treni za chini ya ardhi, akafariki mwaka 1997. Mlinzi alinyang'anywa boma. Mhakiki analirudia ili aulize pia nani aliachwa nje.