Kucheza, Kupiga na Kukata: Hadhira na Mchezo wa Video wa Kris Kross

Makala haya mafupi yanachunguza namna hadhira ilivyoupokea mchezo wa video uitwao Kris Kross: Make My Video, uliotolewa mwaka 1992 kwa mashine ya Sega CD. Mchezo huo, kazi ya kampuni ya Digital Pictures ya Marekani, umetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa michezo mibovu kabisa. Mhakiki aweza kuikariri hukumu hiyo akaridhika. Sisi tunaona kwamba hukumu ya hadhira ni ushahidi, na ushahidi hauna budi kufafanuliwa.

Kwanza, lawama haziwezi kutwikwa nyimbo. Kris Kross, vijana wawili wa Atlanta, walipendwa mno: wimbo wao "Jump" ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani kwa majuma 8 mwaka huohuo, nao umo katika mchezo.

Pili, kuna suala la picha. Wachezaji walilalamika kwamba zilikuwa ndogo na hafifu, na ni kweli mashine ile ilionyesha rangi 64 tu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, sababu hii haitoshi. PaRappa the Rapper, mchezo uliotoka Japani mwaka 1996, una wahusika bapa kama karatasi, nao ulipendwa sana.

Kwa maoni yetu, kiini cha tatizo kinaonekana katika kitenzi. Huku Butembo, Beni na Kipese, kama ilivyo pwani, mtu hucheza mpira, hucheza karata na hucheza muziki. Ala hupigwa. Kiingereza na Kifaransa huunganisha mchezo na upigaji wa ala katika kitenzi kimoja. Kiswahili huunganisha mchezo na ngoma. Njia ni mbili, lakini zote humtia mchezaji ndani ya mdundo.

Katika Make My Video mchezaji aliwekewa mikondo mitatu ya picha zilizokwenda sambamba. Alibonyeza kitufe kuchagua ipi ionekane, au kuongeza madoido. Wahusika walitaja matakwa yao, naye akapaswa kuyatimiza. Wimbo uliendelea vilevile, abonyeze asibonyeze. Hakucheza wala hakupiga: alikata na kuunga picha za wengine kwa amri ya wengine.

Tulinganishe na kitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira hujibu "Tega!". Asiyeweza kufumbua hutoa mji, ndipo jibu litolewe. Hapo neno la hadhira hugeuza mwendo wa mchezo. Ndivyo ilivyo katika PaRappa: mwalimu hughani mstari, mchezaji humjibu kwa mdundo, na akikosea, kosa husikika. Baadaye Dance Dance Revolution (1998) ulirudisha kucheza kwa miguu, na Guitar Hero (2005) ukarudisha kupiga kwa gitaa la plastiki.

Huenda msomaji akapinga: Wamarekani hawakuhitaji Kiswahili ili wauchukie mchezo wao. Ni kweli. Kitenzi chetu hakikuleta chuki hiyo. Kinatusaidia kuitaja sababu yake. Aidha, huenda akauliza mbona leo vijana hukata na kuunga picha za nyimbo kwa simu, nao hufurahia. Tofauti ni kwamba vijana hao huchagua wimbo wenyewe, mara nyingi hucheza wenyewe mbele ya kamera, na watazamaji huwajibu.

Tunahitimisha kwa kusema kwamba hadhira inayokataa kazi si lazima iwe haikuielewa. Mara nyingine imeelewa vyema kuliko mtunzi kwamba iliitwa ngomani, na ilipofika ikapewa mkasi. Wanafunzi wetu wa uhakiki hujifunza mapema kuuliza mtunzi alikusudia nini. Inafaa wajifunze pia kuuliza hadhira iliahidiwa kitenzi gani, na ikapewa kipi.