Robo Mzunguko

Valvu ya nguvu ya pikipiki ya mipigo miwili haionekani kwa nje. Imejificha mbele ya silinda, pale moshi unapotokea, na wapanda pikipiki wengi hawajawahi kuitia machoni. Kuirekebisha ni kazi ya skrubu moja na springi moja. Anayeifanya vizuri, hata hivyo, ni fundi asiyejua haraka, na inafaa kumtazama tangu anapoanza hadi anapomaliza.

Kwanza tujue valvu hii, mlango wa tundu la moshi, inafanya nini. Katika injini ya mipigo miwili, pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga matundu yaliyokatwa kwenye ukuta wa silinda. Tundu la moshi likipanda juu, pistoni hulifungua mapema, na injini hupumua vizuri ikiwa kwenye kasi. Injini hiyo hiyo ikienda polepole hukosa nguvu, na sehemu ya petroli hutoka bila kuungua. Tundu likishuka, nguvu ya mwendo mdogo hurudi, lakini kasi hukwama. Valvu ya nguvu hushusha na kupandisha ukingo wa juu wa tundu hilo wakati injini ikifanya kazi, kama mpishi anavyocheza na mlango wa jiko la makaa kadiri chungu kinavyohitaji. Yamaha waliitia kwenye pikipiki yao ya mashindano ya cc 500 mwaka 1977. Honda, Kawasaki na Suzuki nao wakaja na miundo yao.

Pikipiki iliyo mbele ya fundi ni KTM 300 EXC ya kabureta, iliyoundwa Mattighofen, Austria. Kipenyo cha silinda ni mm 72 na mwendo wa pistoni ni mm 72 vilevile, jumla cc 293. Gereji iko Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kabureta isiporekebishwa kwa hewa hiyo, petroli huzidi, na kinachozidi hugeuka masizi.

“Fundi, nikipanda mlima inalala,” kijana mwenye pikipiki anaeleza. “Halafu inaruka ghafla, mpaka gurudumu la mbele linainuka.”

“Iwashe kwanza niisikie.”

Anaiacha ipate moto. Anavuta resi polepole, anaachia, anavuta tena, huku ameinamisha kichwa upande wa ekzosti. Kisha anazima na kufungua plagi. Ni nyeusi na ina unyevu. Skrubu ya valvu haiguswi bado. Anaanza na kabureta: anabadilisha jeti kuu, anateremsha sindano ngazi moja, anahakikisha petroli imechanganywa na oili kwa 1:60 kama kitabu cha kiwanda kinavyoagiza. Ukirekebisha valvu kwenye injini yenye mchanganyiko mbaya, anasema, utakuwa unatibu homa usiyoijua chanzo chake.

Injini ikishapoa, anaosha matope yote, maana chembe moja ya mchanga ndani ya silinda inatosha kukwaruza ukuta wake. Anavuta springi za ekzosti kwa ndoano, anamwaga maji ya rejeta, anafungua kichwa cha silinda. Boliti zinalegezwa kwa kukingama, kidogo kidogo, na kila moja inalazwa kwenye trei kwa mpangilio uleule iliokuwa nao. Mwisho anaitoa valvu yenyewe: mlango wa katikati, na vijilango viwili vya pembeni vinavyofungua matundu madogo ya kando. Masizi na oili vimeganda juu yake tabaka kwa tabaka.

Hapa ndipo wengi hushika kisu. Yeye anailoweka kwenye mafuta ya taa na kuiacha. Baadaye anasugua kwa brashi ya nyuzi za shaba, kwa sababu shaba haiumizi alumini kama chuma kinavyoiumiza. Anafuta, anaitazama kwenye mwanga, anairudisha kwenye mafuta ya taa, anasugua tena. Kwenye pembe za vijilango anatumia kijiti cha mbao kilichochongwa ncha. Hazungumzi, wala hatazami saa.

Anaipaka oili nyembamba, anairudisha mahali pake na gasketi mpya. Kisha anainua mlango kwa ncha ya kidole na kuuachia. Unashuka wenyewe, bila kukwama, mpaka chini. Anarudia mara kadhaa. Mlango usiposhuka kwa uzito wake mwenyewe, hakuna springi itakayouponya. Anaufungua kabisa, anapima kwa kipimo cha kina kutoka uso wa juu wa silinda hadi ukingo wa mlango, analinganisha na kitabu. Anazungusha injini kwa mkono, taratibu, akiangalia pistoni inavyopita bila kuugusa.

Sasa ni zamu ya skrubu. Upande wa kulia, ndani ya kifuniko cha klachi, kuna kidhibiti chenye gololi. Injini ikiongeza mizunguko, gololi hutupwa nje, husukuma springi, na mkono mdogo huinua mlango. Springi ikibanwa zaidi, mlango huchelewa, ikilegezwa, huwahi. Springi hizo zina rangi: nyekundu ni ya anayetaka nguvu ya kushtukiza, kijani ya anayetaka upole, manjano iko katikati.

Analaza pikipiki ubavu wa kushoto ili oili isimwagike, anafuta kifuniko, anakishika kishikizo cha springi, ambacho ndicho skrubu yenyewe, kwa spana yenye meno mawili. Kimezama ndani kupita usawa wa kifuniko. Mtu alikikaza akidhani anaongeza nguvu, kumbe alikuwa akiuchelewesha mlango. Ndiyo sababu pikipiki inalala mlimani halafu inaruka. Springi ni ya manjano, nzima, na anaiacha palepale. Anakirudisha kishikizo hadi kiwe sawa kabisa na uso wa kifuniko, anahakikisha kwa ukucha, anatia nukta ya kalamu, anaandika kwenye daftari.

Injini inafungwa, maji yanajazwa, kijana anapanda mlima ulio karibu. Fundi hamtazami. Anasikiliza mahali sauti inapobadilika kutoka mngurumo mzito kwenda mlio mkali. Kijana anaporudi anasema imekuwa nzuri, lakini katikati bado inavuta kwa ghafla kidogo. Fundi anakilegeza kishikizo robo mzunguko kinyume cha saa. Robo tu. Anaandika, anamrudisha mlimani. Safari hii sauti inapanda mfululizo, bila kukatika, na gurudumu la mbele linabaki ardhini.

Siku hizi kiwanda cha KTM kimeanza kuukabidhi mlango huu kwa mota ya umeme. KTM 300 SX ya mwaka 2023 ilitoka nayo. Lakini pikipiki za springi na gololi bado ni nyingi, na zitaendelea kuhitaji mikono inayobadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ikajaribu, ikaandika, ndipo iguse kingine.

Basi ukimpata fundi wa namna hii, usimsimamie ukimhimiza. Mwachie pikipiki siku nzima, mweleze kwa ukweli inavyokusumbua, na umlipe saa za kusugua na kusikiliza kama unavyolipia vipuri. Kisha mwombe akuandikie skrubu yako iko mzunguko wa ngapi, ili kesho mwingine asiikaze kwa kubahatisha.